Nimejifungua Tanga, mume yuko Ujerumani: viza zetu tuanzie wapi?

SWALI: Asalaam aleikum. Nina miaka 26, naishi Makorora, Tanga. Mume wangu ni muuguzi Ujerumani, huu ni mwaka wake wa pili. Tulifunga ndoa mwaka jana alipokuja likizo, na cheti cha Bakwata tunacho. Wiki tano zilizopita nimejifungua mtoto wa kike pale Bombo. Jina tumempa, ila cheti cha kuzaliwa bado. Tunataka tumfuate baba yake. Tuombe viza wote wawili pamoja au nitangulie mimi? Kijerumani ni lazima nisome? Na kuna mtu ananiambia njia nyepesi ni viza ya matembezi, tukishafika tutabadilisha hukohuko. Ni kweli?

JIBU: Wa alaikum salaam, dada. Pole na hongera kwa kujifungua salama. Ombeni wote wawili siku moja. Kijerumani kinategemea kibali alichonacho mumeo, nitaeleza. Na huyo wa viza ya matembezi usimsikilize kabisa.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linalokwamisha watu wengi kuliko ubalozi wenyewe: majina. Una bahati kwamba cheti cha mtoto hakijatoka. Usikimbilie kukikata leo. Kaa chini na karatasi nne, yaani nakala ya pasipoti ya mumeo, cheti cha ndoa, kitambulisho chako cha NIDA na tangazo la kizazi ulilopewa hospitali, uzisome herufi kwa herufi. Huku pwani jina moja lina sura nyingi: Zainabu na Zainab, Saidi na Said, Athumani na Othman. Nyumbani ni mtu yuleyule. Kwa afisa anayelinganisha karatasi mezani ni watu wawili, na kazi ya kuthibitisha kwamba ni mmoja itakuwa yako. Angalia pia idadi ya majina: cheti cha ndoa mara nyingi kina mawili, NIDA ina matatu. Tena wako wanawake wanaojiandikisha kliniki kwa jina la mume, wakati vitambulisho vyao vyote vina jina la baba. Jina hilo la kliniki ndilo linalohamia kwenye tangazo la kizazi, na kutoka hapo kwenye cheti.

Mizani yenu iwe pasipoti ya mumeo, maana ndiyo iliyokwisha kuingia kwenye kumbukumbu za Ujerumani. Kingine chochote kifuate hiyo.

Halafu kuna suala la jina la tatu la mtoto, ambalo wengi hawaligundui mpaka wamechelewa. Tuseme baba anaitwa Hamisi Juma Mbaraka. Pasipoti yake inaonyesha Mbaraka kuwa jina la ukoo. Kwa desturi yetu mtoto ataitwa Amina Hamisi Juma, yaani jina lake, la baba, la babu. Ni sahihi kabisa kwetu. Lakini pasipoti ya Amina itaonyesha ukoo wake ni Juma, wa baba ni Mbaraka, na wa mama ni jina lingine tena. Viza haikataliwi kwa sababu hiyo peke yake, ila mtaulizwa ubalozini, mtaulizwa ofisi ya wageni kule Ujerumani, mtaulizwa kwa daktari na shuleni. Mkiandika Amina Hamisi Mbaraka tangu sasa, maswali hayo yanakwisha. Zungumzeni na mumeo, na wazee kama ni lazima, kabla ya kwenda kwa Msajili wa vizazi.

Kama kosa liko kwenye tangazo la kizazi, rudi hospitali sasa hivi, wakati kumbukumbu za wodi ni mbichi na wahudumu waliokuzalisha bado wapo. Likishaingia kwenye cheti, marekebisho yanapita kwa Msajili, na utatakiwa vielelezo na kiapo. Na hapa nisisitize: kiapo cha wakili kinaeleza tofauti ya majina, hakirekebishi cheti. Tofauti ya herufi moja huenda ikapita kwa kiapo. Jina tofauti kabisa linahitaji cheti kirekebishwe, au hati ya kisheria ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Cheti cha kuzaliwa unakipata kwa mfumo wa RITA (wakala wa serikali wa usajili), kwa Tanga ni kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Uandikishaji wa kawaida ni ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe. Ukipita hapo unaingia kwenye uandikishaji wa kuchelewa, wenye vielelezo zaidi. Una wiki tano tu, kwa hiyo muda wa kusahihisha majina upo, ila si wa kulala nao. Kadi ya kliniki si cheti, na ubalozi hauipokei kama ushahidi wa uzazi. Ukipewa cheti kilichoandikwa kwa mkono, uliza palepale kama taarifa za mtoto zimeingia kwenye mfumo wa kielektroniki, kisha omba RITA wakihakiki. Kuna cheti halali ambacho hakionekani kwenye mfumo, na cha namna hiyo huchelewesha pasipoti ya mtoto, maana Uhamiaji nao wanakiangalia.

Cheti cha ndoa mnacho, lakini kiangalie upya. Je, kina namba, muhuri, saini ya mfungishaji, mashahidi, na tarehe iliyo sawa na ile mtakayojaza kwenye fomu? Tarehe hiyo italinganishwa na mihuri ya kuingia na kutoka kwenye pasipoti ya mumeo. Ndoa iliyofungwa kwa uwakilishi, bwana harusi akiwa nje ya nchi, huzua maswali mengi. Kama yenu ilifungwa yeye akiwa Tanga, mihuri yake ya safari ni ushahidi mzuri, mwambie apige nakala za kurasa hizo. Cheti pia kinaonyesha kama ndoa ni ya mke mmoja au yaweza kuwa ya wake wengi. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani haimpi kibali mke wa pili ikiwa mume tayari anaishi na mke mwingine kule. Kama mumeo hana mke mwingine, mseme hivyo waziwazi mkiulizwa. Cheti cha Kiswahili kitafsiriwe kwa Kijerumani na mfasiri anayekubalika, na kabla ya kutafsiri angalia orodha ya ubalozi kama kinatakiwa kwanza kuthibitishwa. Ukitafsiri kabla ya muhuri wa uthibitisho, utalipa tafsiri mara mbili.

Sasa pasipoti ya mtoto. Mtoto mchanga hasafiri kwenye pasipoti ya mama, anahitaji yake. Ada ni shilingi 150,000, sawa na ya mtu mzima, na maombi yanaanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji kisha ofisi ya mkoa. Mtatakiwa cheti cha mtoto, vielelezo vya uraia vya wazazi na ridhaa ya wazazi wote. Baba akiwa nje, aandike barua ya ridhaa, aambatanishe nakala ya pasipoti yake. Akiithibitisha saini hiyo ubalozi wetu Berlin, hakuna wa kuitilia shaka.

Picha nazo zina mitego. Pasipoti ya Tanzania inataka mandhari ya bluu hafifu. Viza ya Ujerumani inataka picha ya milimita 35 kwa 45, mandhari meupe au ya kijivu chepesi. Ni picha mbili tofauti, usimwache mpiga picha akutolee nakala kumi za aina moja. Kwa mtoto mchanga, mlaze juu ya shuka jeupe lisilo na mikunjo, karibu na dirisha mchana, apigwe kutoka juu bila mwanga wa kamera. Uso mzima uonekane, macho wazi, mdomo umefungwa, pasiwe na mkono wa mtu, kofia wala chuchu ya bandia. Wanja wa kumpaka usoni uache siku hiyo. Tena ya viza piga ukikaribia miadi, kwani mtoto wa miezi sita hafanani na wa wiki tano.

Karatasi zako zikiwa zinaendelea, mumeo naye ana kazi. Mwambie atoe kadi yake ya ukaazi asome kifungu cha sheria ya ukaazi kilichoandikwa juu yake. Hapo ndipo jibu la Kijerumani lilipo. Kama ni kifungu cha 18a, yaani mtaalamu mwenye ujuzi uliokwisha kutambuliwa, au cha 18b, mtaalamu mwenye shahada, au ana Kadi ya Bluu, kibali cha wasomi wenye mshahara mkubwa, mke wake haulizwi cheti cha lugha. Tena tangu Machi 2024 familia za wataalamu hao hazidaiwi hata ushahidi wa ukubwa wa nyumba. Kama bado ni cha 16a, mafunzo ya kazi, au 16d, anayesubiri ujuzi wake wa uuguzi utambuliwe, basi wewe unahitaji cheti cha A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, na mshahara wake huenda usitoshe. Wauguzi wengi kutoka kwetu huanzia huko. Akiwa amebakiza miezi mitatu tu kutambuliwa, ningesubiri abadilishiwe kibali kwanza ndipo muombe. Akiwa amebakiza mwaka, soma A1.

A1 si mlima. Mtihani wa Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani, una sehemu nne: kusikiliza dakika 20, kusoma 25, kuandika 20 na kuzungumza kama 15. Kufaulu ni alama 60 kwa 100. Taasisi ya Goethe iko Dar es Salaam. Waweza kusoma Tanga kwa simu na vitabu, ukaenda Dar kwa mtihani tu, ila usiende bila kufanya mazoezi ya kuzungumza na mtu, kwa sababu hapo ndipo waliosoma peke yao huanguka. (Maneno mawili unayajua tayari: shule na hela yametoka kwao.) Mtoto haulizwi lugha.

Pesa. Hakuna kima kimoja kilichoandikwa kwenye sheria. Ofisi ya wageni inapiga hesabu kama mtakuwa mnajitegemea bila msaada wa serikali. Kwa viwango vya 2025, mahitaji ya mume na mke ni yuro 506 kila mmoja, na mtoto wa chini ya miaka sita 357. Jumla ni 1,369, kisha ongeza kodi ya nyumba pamoja na joto. Nyumba ikiwa ya yuro 800, mnafika 2,169 kwa mwezi. Posho ya mtoto, yuro 255 kwa 2025, inahesabika upande wa mapato. Kwa hiyo mshahara wa mkononi, baada ya makato, usogee kwenye 2,000 na ushee, na uzidi, maana ofisi nyingi za wageni huongeza kiasi kidogo juu ya hesabu hiyo kwa mtu anayefanya kazi. Msipange mpaka senti ya mwisho.

Nyumba, kama kibali chake kinadai ushahidi wake: kipimo kinachotumika zaidi ni mita za mraba 12 kwa kila mtu wa miaka sita na zaidi, na 10 kwa mdogo wa hapo. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hahesabiwi kabisa, hiyo imo ndani ya sheria. Hivyo nyinyi watatu mnapimwa kama wawili. Chumba kimoja cha bweni la hospitali hakitoshi, na mkataba wa kupangishwa chumba na rafiki unapaswa uwe na ruhusa ya mwenye nyumba. Huku ndiko wanaume wengi wanakojikwaa, kwa kuwa nyumba kule ni ngumu kupatikana kuliko viza.

Akusanye hivi: mkataba wa kazi, hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, mkataba wa nyumba, karatasi ya kuandikishwa makazi, nakala ya pasipoti na kadi ya ukaazi, na barua ya bima yake ya afya inayosema atawapokea mke na mtoto. Kama yuko kwenye bima ya umma, mke asiye na kipato na mtoto wanaingia bila malipo ya ziada. Bima ya safari inabaki kwa zile siku za mwanzo kabla hamjaandikishwa. Jambo moja husahaulika: aende ofisi ya mji akabadilishe hali yake ya ndoa. Wengi waliingia wakiwa makapera, wakaja kuoa likizo, na kumbukumbu za mji bado zinasema hawajaoa. Halafu maombi yako yanafika yakisema ni mume wa mtu.

Viza mnayoomba ni ya kitaifa, ya kuungana na familia, na si ya Schengen, yaani ile ya matembezi ya muda mfupi. Ada ni yuro 75 kwako na 37.50 kwa mtoto, inalipwa kwa shilingi. (Baba angekuwa raia wa Ujerumani, hadithi ingekuwa nyingine: mtoto huwa ni raia kwa baba yake na huombewa pasipoti ya Kijerumani, na mke halipi ada.) Tangu Januari 2025 balozi za Ujerumani zinapokea maombi ya aina hii kwa mtandao: mnajaza fomu, mnapakia karatasi, zinakaguliwa, kisha mnaitwa na karatasi halisi. Kila mmoja ana fomu yake, na ya mtoto inasainiwa na wazazi wote wawili. Ombeni siku moja, kwa sababu mtoto anapata kibali kwa kuwa wazazi wake wote wanakwenda kuishi kule. Ukitangulia wewe, mtoto atabaki kwa bibi yake huku faili lake likianza upya, na hapo ndipo mnapoulizwa nani ana malezi.

Ubalozi uko Umoja House, Dar es Salaam. Toka Tanga ni kilomita 350 hivi kwa njia ya Segera na Chalinze, na kwa mtoto anayenyonya usiifanye asubuhi hiyohiyo ya miadi. Lala Dar. Chukua karatasi halisi na nakala mbili za kila moja, zimepangwa kwa mpangilio wa orodha ya ubalozi, za mtoto mbali na zako. Mtoto mchanga hachukuliwi alama za vidole. Miadi haiuzwi. Kishoka akikwambia ana nafasi ya laki mbili, anakuuzia kitu cha bure, na namba za pasipoti yako anabaki nazo.

Baada ya hapo faili linasafiri kwenda ofisi ya wageni ya mji anakoishi mumeo, ile anayoijua kwa jina la Ausländerbehörde, nayo lazima iridhie. Muda mwingi unaisha huko, miezi mitatu kwa kawaida na pengine zaidi. Kupiga simu ubalozini kila wiki hakusaidii. Mumeo akiiandikia ofisi hiyo barua pepe akiwa na namba ya faili, akawapa karatasi wanazozitaka siku hiyohiyo, hilo ndilo linalosukuma. Wakitilia shaka uzazi, wanaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba. Si lazima, ila kukataa bila kuwa na ushahidi mwingine wa uhakika kunawaacha na shaka yao. Na usikate tiketi kabla viza haijabandikwa.

Sasa ile ya matembezi. Ukiomba viza ya Schengen ya kutembea huku una mume anayeishi kule na mtoto wake mkononi, afisa anasoma nia yako kabla hujafungua mdomo, na wengi hukataliwa hapo. Ukipita, kanuni ni kwamba aliyeingia bila viza ya kitaifa anarudi kwao kuiomba. Vighairi vipo, lakini ni vichache na vinategemea mji. Utakuwa umelipa tiketi mbili, umesema uongo kwenye fomu moja, na fomu hiyo inabaki kwenye mfumo wakati mnaomba ile ya kweli.

Mkikataliwa, usikubali ushauri wa zamani wa kuandika barua ya pingamizi ubalozini. Utaratibu huo ulifutwa tangu Julai 1, 2025. Mna njia mbili: kuomba upya mkiwa mmerekebisha sababu iliyotajwa, au kufungua shauri mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Ikiwa sababu ni karatasi iliyokosekana au jina lisilolingana, kuomba upya ni haraka na rahisi kuliko mahakama.

Mkifika, mjiandikishe makazi ndani ya wiki mbili, kisha muombe vibali vya ukaazi kabla viza hazijaisha. Kibali chako kitakuruhusu kufanya kazi. Posho ya mtoto iombwe mapema, kwa sababu wanarudisha nyuma miezi sita tu. Kadi ya kliniki ya mtoto, ile niliyosema ubalozi hauitaki, ipakie kwenye mkoba wa mkononi: daktari wa watoto ataiomba siku ya kwanza, na ataushangaa mkono wa mtoto wenye kovu, kwani chanjo ya kifua kikuu kule haitolewi kwa kawaida tangu 1998. Mwonyeshe tarehe kwenye kadi.